Mawese yaliyochacha na kopo la dola 40

Mama yangu aliuza mawese katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kwa miaka 26. Hakuhitaji kuonja. Mchuuzi akishusha bidoni zake zilizotoka kaskazini kwa treni, mama alifungua kifuniko, akainama, akavuta pumzi mara moja, na hukumu ikatoka: "Yamechacha haya, baba. Yarudishe." Wauzaji wenzake walimwita awanusie ya kwao kabla hawajatoa pesa.

Miaka miwili iliyopita, mvua zilipoanza, aliteleka sufuria kwenye mbabula, jiko letu la mkaa, akawa anakaanga bitoyo, samaki wa chumvi, kwa mawese yaliyoharibika kabisa. Harufu ilijaa uani ikavuka ukuta. Dada yangu alitoka chumbani mbio. "Mama, husikii harufu?" Mama alimtazama kwa utulivu. "Harufu ya nini?" Siku hiyo niliingiwa na hofu nisiyoweza kuitaja jina. Miezi michache baadaye alianza kuniita yaya, jina alilomwitia kaka yake mkubwa, fundi wa fonderi, kiwanda cha kuyeyusha madini, aliyekufa nikiwa mtoto. "Yaya, unatoka ku kazi?" Daktari alituambia ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na lile la sufuria halijanitoka kichwani, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba pua kufa ni moja ya dalili za mapema za ugonjwa huu: sehemu za ubongo zinazopokea harufu zimepakana na sehemu za kumbukumbu zinazoshambuliwa mwanzo kabisa. Ya pili ni kwamba kilichoyachachisha yale mawese, na sehemu ya kile kilichokuwa kikitokea ndani ya kichwa cha mama, ni kemia ileile.

Mafuta huchacha hivi. Molekuli ya mafuta ina sehemu dhaifu kwenye mnyororo wake wa kaboni. Kitu kikiipora hidrojeni moja hapo, inabaki na elektroni isiyo na mwenzake. Inageuka kuwa radikali huru. Oksijeni inaingia papo hapo, na molekuli hiyo iliyoharibika inaigeukia jirani yake na kuipora. Jirani naye anafanya vivyo hivyo. Moja inaangusha maelfu, na mwisho wa safari mnyororo unakatika vipande vidogo vyenye harufu kali, jamii ya aldehaidi. Hiyo ndiyo harufu aliyokuwa akiisikia mama kwenye bidoni. Mawese yana bahati: yamejaa karoteni, zile zinazoyapa wekundu, na vitamini E, ambazo hujitoa mhanga kuukata mnyororo. Hata hivyo yaache juani, au yahifadhi kwenye chombo cha shaba, utaona hayamalizi muda mrefu.

Ubongo wetu ni mafuta kwa kiasi kikubwa, tena mafuta dhaifu kuliko mawese. Utando wa seli za neva umejengwa kwa asidi za mafuta zenye sehemu dhaifu nyingi. Moja yake, ile inayopatikana kwa wingi katika samaki, ina viungo maradufu 6, na penye viungo hivyo ndipo mnyororo ulipo dhaifu. Juu ya hayo ubongo ni mlafi wa hewa. Uzito wake ni kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Oksijeni hiyo huchomwa ndani ya mitokondria, majiko madogo ya seli, na kama mbabula yoyote, mitokondria hurusha cheche. Cheche hizo ni supaoksaidi, oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Mwili una kimeng'enya cha kuzizima, kilichotambuliwa na Wamarekani McCord na Fridovich mwaka 1969. Kinazigeuza kuwa peroksidi ya hidrojeni, ile dawa inayotoa povu ikimwagiwa kidonda, halafu vimeng'enya vingine vinaigeuza peroksidi kuwa maji. Kazi hii inaendelea ndani yako sasa unaposoma. Cheche zikizidi wazimaji, wanasayansi wanasema kuna msongo wa oksidi. Neno hilo lilipata umbo lake mwaka 1985 kwa Mjerumani Helmut Sies, lakini wazo ni la zamani zaidi: mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alikwisha kupendekeza kwamba kuzeeka kwenyewe kunatokana na radikali hizi.

Hapa shaba inaingia, na mtu wa Lubumbashi hawezi kuipita kimya. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili yake. Kabla ya hapo mababu walikwisha kuiyeyusha na kuimimina katika misalaba iliyotumika kama pesa. Malakiti ya kijani inayochongwa na kuuzwa mjini ni shaba iliyokutana na hewa na maji ardhini kwa muda mrefu sana. Faida ya shaba na hatari yake ni tabia moja: hutoa elektroni kwa wepesi na kuirudisha kwa wepesi. Kwa hiyo mwili huiajiri. Kile kimeng'enya kinachozima supaoksaidi kimebeba shaba na zinki katikati yake. Lakini shaba au chuma kikiachiliwa kikutane na peroksidi, kinazaliwa kitu kibaya kuliko vyote, radikali ya hidroksili. Mwanakemia Mwingereza Henry Fenton alieleza mmenyuko huo, kwa chuma, mwaka 1894. Radikali hiyo haitembei. Inaishi kwa nanosekunde chache na inaharibu chochote kilichokuwa karibu nayo, iwe mafuta, protini au DNA.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walipima yale mabonge ya protini ya amiloidi yanayoonekana katika ubongo wa waliokufa na Alzheimer, wakakuta shaba, zinki na chuma vimejikusanya humo kuliko kawaida. Amiloidi inaishika shaba, na ikiwa imeishika inaweza kuzalisha peroksidi yenyewe.

Nikieleza haya, watu huniuliza moja kwa moja: basi, mwalimu, ni mgodi unaowapotezea wazee wetu akili? Hesabu haiendi hivyo. Ubongo hulinda milango yake na kupima shaba inayoingia. Tena katika ubongo wenye Alzheimer shaba kwa jumla imepungua. Iliyopo imekaa mahali pasipo pake, kwenye mabonge, na vimeng'enya vinavyoihitaji vinaikosa. Ugonjwa huu uko Paris na Chicago kama ulivyo Katuba, hapa mjini. Madini yana madhara yake mengine, na hayo yamepimwa: mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Mkojo wa watoto ulibeba kobalti nyingi mno, na pamoja nayo alama ya DNA iliyoharibiwa na oksidi. Alama hiyo ni ndugu wa ile inayotafutwa katika ubongo wa wazee. Wale ni watoto, na sitaki jambo lao lizame ndani ya makala kuhusu uzee; linastahili makala yake na hatua yake.

Turudi kwenye swali kuu: oksidi ni chanzo cha Alzheimer, au ni moshi tu wa moto uliowashwa na kitu kingine? Kwa miaka mingi wengi walidhani ni moshi. Mabonge yanakuja, seli zinakufa, na seli inayokufa lazima ioze. Kisha mwaka 2001 mtafiti Akihiko Nunomura, pamoja na Mark Smith, George Perry na wenzao, walichapisha jambo lililopindua mpangilio huo. Walipima uharibifu wa oksidi katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa katika hatua mbalimbali za ugonjwa. Ungetarajia uongezeke kadiri mabonge yanavyoongezeka. Walikuta kinyume: ulikuwa mkubwa zaidi mwanzoni, na ukapungua pale mabonge yalipokuwa mengi. Waliona mfuatano wa namna hiyo pia kwa watu wenye sindromu ya Down, ambao wana nakala tatu za kromosomu ya 21, yenye jeni la protini inayozaa amiloidi, na karibu wote hupata mabadiliko ya Alzheimer wakifikia umri wa makamo. Kwa watafiti hao, oksidi ilitangulia.

Upande wa pili nao una hoja isiyoweza kutupwa. Zipo familia chache duniani ambazo hitilafu moja katika jeni la amiloidi, au katika majeni yanayohusika kuikata, humletea mtu ugonjwa akiwa na miaka 40 au 50, bila kuhitaji kitu kingine. Amiloidi peke yake inaweza kuanzisha. Ninavyosoma mimi, hapa hakuna baba na mtoto, kuna duara. Mitokondria zilizochoka hurusha cheche nyingi. Cheche huongeza utengenezaji wa amiloidi. Amiloidi yenye shaba huzaa peroksidi. Peroksidi huzidi kuzichosha mitokondria. Unaweza kuingia kwenye duara hilo kwa mlango wa jeni, wa uzee, wa mishipa ya damu iliyoharibika au wa sukari, ukajikuta unazunguka na wengine. Mtu anayekuambia kuwa amepata mlango mmoja tu, muulize kwa upole ana nini cha kuuza.

Kwetu aliyekuja kuuza alikuja Jumapili, baada ya ibada, akiwa na shati safi na picha za ubongo kwenye simu. "Mama mzazi, ubongo nao unapata kutu," alimwambia dada yangu. "Hivi vinaondoa kutu." Kopo la vidonge 60, dola 40. Sitataja kampuni, na yule kijana simchukii. Naamini aliamini alichosema. Dada alinunua kopo nne. Katika miezi hiyo hiyo dawa za tansio za mama, au presha kama wanavyosema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zilikwisha mara mbili na hatukuwa na pesa za kununua nyingine kwa wakati. Mara moja alikaa siku 19 bila dawa. Nimezihesabu siku hizo mara nyingi. Sisi ndio tulioamua, na tuliamua kwa sababu sentensi ya yule kijana ilikuwa nusu kweli, na nusu ya kweli inaingia nyumbani bila kubisha hodi.

Nusu ya pili imeandikwa katika majaribio makubwa, na hayo hayapitishwi uani kwetu na mtu yeyote. Mwaka 1997 wagonjwa 341 wa hatua ya kati walipewa vitamini E kwa kipimo kikubwa mno, au dawa nyingine, au kidonge kitupu kisicho na dawa, na vitamini ilionekana kuchelewesha kiasi siku ya kulazwa kwenye nyumba ya wazee. Matumaini yakapanda. Mwaka 2005 kipimo hicho kikubwa kilijaribiwa kwa watu 769 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kusahau, kwa miaka mitatu. Hakikuwazuia hata kidogo kuingia kwenye Alzheimer. Mwaka 2012 mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C na asidi ya lipoiki ulipunguza kweli alama ya mafuta yaliyooksidishwa katika maji ya uti wa mgongo, lakini amiloidi haikubadilika, na wagonjwa hao walishuka akili haraka kuliko waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2014 maveterani 613 wa jeshi la Marekani, ambao tayari walikuwa wagonjwa, walitoa jibu la kati: vitamini E ilichelewesha kupotea kwa uwezo wa kuvaa, kula na kuoga kwa takriban miezi 6, bila kuirudisha kumbukumbu. Miezi 6 si kitu kidogo kwa anayemwogesha mzazi wake, na sitaidharau. Lakini ilipatikana chini ya uangalizi wa madaktari, kwa kipimo kinachojulikana, kwa wagonjwa waliothibitishwa. Wanaume 7,540 wenye afya waliopewa vitamini E au seleni kwa miaka ili wasipate ugonjwa hawakupata kinga yoyote. Matokeo yalitoka 2017. Na katika jaribio kubwa zaidi ambalo wanaume hao walitoka, vitamini E iliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Kwa nini kitu chenye mantiki nzuri namna ile kinashindwa? Rudi kwenye ile radikali ya hidroksili na nanosekunde zake. Hakuna kidonge kinachoweza kuwahi kufika. Unaweza tu kuzuia isizaliwe, na hiyo ni kazi ya vimeng'enya ambavyo seli hutengeneza zenyewe. Halafu vitamini E ikishazima cheche moja inabaki nayo imeungua. Inahitaji vitamini C kuirudisha, nayo C inahitaji mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo kuzima moto. Kumwongeza mtu mmoja mwenye ndoo kumi hakusaidii wengine wakiwa hawapo. Na lipo jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa: peroksidi kidogo si adui. Seli huitumia kama ujumbe. Ukifanya mazoezi, mitokondria hurusha cheche, na cheche hizo ndizo zinazoiambia seli ijenge ulinzi zaidi. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne. Waliopewa vitamini C na E walipoteza sehemu ya faida ya mazoezi hayo. Ujumbe ulizimwa kabla haujasomwa.

Somo kali zaidi lilikuja mwaka 2024. Chuma kikizidi katika ubongo ni kibaya, kwa hiyo watafiti wa Australia waliwapa wagonjwa dawa inayochukua chuma na kukitoa. Wagonjwa waliharibikiwa haraka zaidi kuliko waliopewa kidonge kitupu. Niliposoma matokeo hayo niliweka simu mezani nikatoka nje kidogo. Sisi walimu wa kemia hupenda kuchora mishale ubaoni: hiki kinazaa kile, ondoa hiki, kile kitakoma. Ubongo haukuchorwa na sisi.

Je, basi ujuzi wote huu wa oksidi ni bure? Naamini una thamani kubwa, ila unaelekeza kwingine: mahali cheche zinakozaliwa. Tansio ikipanda, homoni zinazokaza mishipa huamsha kimeng'enya kwenye kuta za mishipa ambacho kazi yake ni kutengeneza supaoksaidi. Sukari ikizidi kwenye damu, mitokondria huvuja. Moshi wa mkaa na wa sigara hupeleka chembe ambazo huwasha mwili mzima. Hizo ndizo cheche unazoweza kuzifikia kwa mkono. Jopo la wataalamu la jarida la tiba la Lancet lilihesabu mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kubadilishwa, kuanzia elimu ya utotoni na masikio yasiyosikia hadi tansio, sukari, hewa chafu na upweke, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya shida za akili za uzeeni duniani zimefungamana nayo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka vijijini China mwaka 2025. Vijiji 326, watu 33,995 wenye tansio isiyodhibitiwa. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijiji, ambao si madaktari bingwa, walifundishwa kufuata utaratibu rahisi wa dawa za bei nafuu na kuwafuatilia watu hadi tansio ishuke. Baada ya miaka minne, shida ya akili ilipungua kwa asilimia 15 ikilinganishwa na vijiji vingine. Hawakupewa kopo lolote la dola 40. Zipo pia dawa mpya zinazoondoa amiloidi: mojawapo, lekanemabu, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 hivi kwa miezi 18, ilitangazwa Marekani kwa dola 26,500 kwa mwaka, na dawa hizo zinaweza kuvujisha damu kwenye ubongo. Nafurahi zipo. Hazitafika Ruashi, mtaa wa hapa Lubumbashi, wakati wa uhai wa mama.

Ndiyo maana nasema wazi: familia ya Lubumbashi yenye dola 40 na mzee mwenye tansio inunue dawa ya tansio ya miezi kadhaa, na kinachobaki kinunue samaki, matembele na sombe, majani ya muhogo. Wachungaji wetu, ambao waumini huwasikiliza kuliko sisi walimu, wawe waangalifu na meza za vidonge zinazopangwa mlangoni baada ya ibada. Na vituo vya afya vimpime tansio kila mwenye zaidi ya miaka 40 anayepita mlangoni, hata aliyekuja kumsindikiza mtoto.

Kuna sababu nyingine ya kueleza kemia hii kwa lugha yetu. Mama alipoanza kutoka usiku na kugonga milango ya watu akiitafuta nyumba ya utotoni mwake, neno mulozi, yaani mchawi, lilitamkwa mtaani. Halikutamkwa mbele yetu, lakini lilitufikia. Mwanamke mzee, mjane, anayetembea usiku akisema na wafu: katika nchi yetu wapo waliouawa kwa hayo. Nilikwenda kwa jirani aliyelitamka, mzee wa rika la baba yangu, nikamwamkia, nikakaa, nikaomba chupa ya mawese ya jikoni kwake, ile iliyosahaulika nyuma. Niliifungua nikampa anuse. Alikunja uso. "Baba," nikamwambia, "ndivyo yanavyomtokea mama kichwani. Mafuta ya ubongo wake yanaharibika. Yeye hamjui mtu wala hamfuati mtu. Amepotea njia tu." Alikaa kimya muda mrefu huku ameshika kile kifuniko. Tangu siku hiyo akimwona mama nje usiku humshika mkono, humwambia "Twende, dada," na kumleta mlangoni kwetu.

Zile dola ambazo zingenunua kopo la tano tulinunulia kipima tansio cha mkononi. Jumapili mchana majirani huja uani, wanakaa kwenye kiti cha mama cha sokoni, dada anafunga mkanda, mimi naandika kwenye daftari la shule. Jumapili iliyopita walikuja 11. Watatu walizidi 160, na wawili kati yao hawakuwahi kupimwa maishani. Mmoja wao ni yule jirani.